Semina ya Mahindi Salama

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, kwa hiyo asihangaike mtu kuitafuta. Na atakayeona inafanana na kwao, hayo ni mambo yake na macho yake. Inaitwa Jamhuri Tulivu. Utulivu wake umeandikwa kwenye katiba, ibara ya kwanza, na anayeuvuruga anafungwa. Njaa ilipigwa marufuku huko miaka tisa iliyopita, ndiyo maana iliyokuwa Wizara ya Chakula ikabadilishwa jina na kuitwa Wizara ya Shibe. Wananchi walifurahi mno. Waliandamana kushukuru, na wachache walioanguka njiani kwa kukosa kula walitangazwa redioni kuwa wamezidiwa na furaha.

Katika nchi hiyo upo mji wa Mwanzembe, na Mwanzembe kuna chuo kikuu. Ni kidogo. Kina wahadhiri hamsini na watatu, na kati yao ishirini na wanane ni wakurugenzi. Kuna Mkurugenzi wa Utafiti, Mkurugenzi wa Mkakati wa Utafiti, Mkurugenzi wa Utekelezaji wa Mkakati, na Mkurugenzi wa Kufuatilia Kama Utekelezaji Umekumbukwa. Waliokosa kurugenzi ndio wanaofundisha.

Dakta Sikudhani Mpalule alikuwa mmoja wa waliokosa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, mtaalamu wa kuvu wa nafaka. Maabara yake ilikuwa stoo ya zamani ya magodoro. Ndani yake kulikuwa na mashine moja ya kupimia, na mashine hiyo ilikuwa nzima kwa sababu hakuna mkurugenzi aliyewahi kuifungua.

Fahari ya chuo haikuwa mashine. Ilikuwa Mkakati wa Utafiti wa Miaka Hamsini, kitabu chenye jalada gumu na kurasa mia tatu na arobaini. Kurasa tisini za mwanzo ni dibaji: ya Rais, ya Waziri, ya mke wa Waziri, ya Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mkwatulo, na dibaji nyingine ya Profesa Mkwatulo akiisifu ile ya kwanza. Mkakati wenyewe uko ukurasa wa mia na moja, aya mbili tu. Aya ya kwanza inasema matokeo ya utafiti wowote yaandikwe kabla ya utafiti kuanza, yapitishwe na wakubwa, ndipo mtafiti aende kuyatafuta. Ya pili inasema matokeo hayawi matokeo mpaka yawasilishwe kwenye semina ya chuo. Kabla ya hapo ni maneno ya mtaani, na anayeyasambaza anashtakiwa kwa kuzua taharuki. Kifungo chake ni miaka saba.

"Wenzetu wanatafiti kwanza ndipo wajue matokeo," Profesa Mkwatulo alipenda kuwaeleza wageni, tumbo mbele, mikono nyuma. "Huko ni kupapasa gizani. Sisi tunakwenda tukijua tunachokwenda kukikuta."

Wageni waliandika hayo kwenye madaftari yao.

*

Aliyemletea Sikudhani mambo hakuwa mkurugenzi. Alikuwa Mzee Chitemo, mlinzi wa Ghala Kuu la Shibe, lile linalotunza mahindi ya wilaya zote za mashariki. Alikuja asubuhi moja akiwa na kofia mkononi, akaweka juu ya meza leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na unga.

"Shikamoo, Daktari," alisema, ingawa alimzidi umri kwa miaka ishirini na zaidi.

"Marahaba wewe, mzee wangu. Mimi ndiye wa kukuamkia. Keti."

Hakuketi. "Paa la ghala linavuja tangu masika ya mwaka juzi," alisema. "Mahindi yamelowa, yamekauka, yamelowa tena. Yameota ukungu wa kijani. Nimeandika barua nne wizarani. Wakatujibu kwa kutupa zawadi, kila mtumishi gunia moja la unga wa mahindi hayo. Wajukuu zangu wawili waliula. Wakaanza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Wa kwanza tulimzika Jumanne. Wa pili Ijumaa. Hospitali wameandika malaria."

Sikudhani aliuchukua unga, akafunga mlango, akapima. Kipimo kikisoma kumi, chakula kimefika ukingoni, hakifai tena kupita hapo. Kilisoma mia nne na sitini. Akasafisha mashine, akapima tena, ikawa mia nne na sabini na mbili. Mara ya tatu hakuandika hata namba, aliinamisha kichwa juu ya meza.

Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka. Haina rangi ndani ya unga. Haiogopi moto, kwa hiyo hata ugali upikwe mpaka uungue, sumu inabaki pale pale. Inakula ini, na ini la mtoto ni dogo.

Na redio ilikuwa imeshatangaza kwamba unga wa Ghala Kuu utaanza kuliwa shuleni. Mpango uliitwa Shibe Shuleni, na uzinduzi wake ungefanyika hapo hapo Mwanzembe, Shule ya Msingi Kichangani, yenye watoto mia nne na kumi na wawili.

*

Alikimbilia kwa Dakta Kigula, Mkurugenzi wa Mkakati wa Utafiti, mtu mpole, mnene wa shingo, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti maishani mwake wala kumsaidia.

"Dada Sikudhani, karibu sana," alisema, akasoma ile karatasi ya vipimo taratibu, akaikunja, akavua miwani. "Kazi nzuri. Ila umepotoka."

"Nimepotoka wapi?"

Akafungua kabati, akatoa fomu. "Utafiti wa mahindi ya Ghala Kuu ulishaandikiwa matokeo tangu mwaka jana. Haya hapa. *Mahindi ni salama, ni matamu, na yanawaongezea watoto wepesi wa hesabu.* Makamu Mkuu amesaini, Wizara imesaini. Wewe ulitakiwa uende ukayakute haya. Umekwenda umekuta mengine. Sasa kosa ni la nani?"

"La mahindi," Sikudhani alisema.

"Mahindi hayana saini, dada yangu."

Alimweleza habari za wajukuu wa Mzee Chitemo. Dakta Kigula alisikitika kwa dhati, akasema pole mara tatu. Kisha akamweleza sheria. Ghala haliwezi kufungwa na mtu, hata Rais haligusi. Hufungwa na Azimio la Semina lenye muhuri. Semina za chuo ni moja kila robo mwaka. Ya robo hii ilifanyika wiki mbili zilizopita. "Inayokuja ni baada ya wiki kumi na moja, Alhamisi. Uzinduzi ni Jumatatu inayofuata. Una bahati! Nakuandika mtoa mada wa kwanza."

"Wiki kumi na moja?"

"Ukisema kabla, ni maneno ya mtaani, na mimi mwenyewe itanibidi nikuripoti. Nitakuripoti kwa masikitiko makubwa." Akampa mkono. "Andaa slaidi nzuri."

Na hapa lazima isemwe wazi, maana habari hii haikuja kumpamba mtu: Sikudhani alikubali. Alikuwa amesomeshwa kuamini semina. Miaka kumi na sita alikuwa amekaa kwenye viti vya plastiki akiamini kwamba ukiwa na namba sahihi, ukazipanga vizuri, ukasimama mbele ya wenye akili, basi wenye akili watasikia. Akarudi maabara, akapima magunia mengine kumi na manne ambayo Mzee Chitemo alimtolea sampuli, akachora majedwali, akaandaa slaidi nzuri. Wiki zikaenda.

*

Siku ya semina Ukumbi wa Tafakuri ulipambwa kwa vitambaa vya kijani na njano. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Kalumbeta, aliyekuja na magunia kumi ya unga kama zawadi kwa jumuiya ya wanataaluma. Magunia yalipigwa picha kabla ya mtu yeyote.

Sikudhani alipewa dakika ishirini. Alikuwa ameyakariri yote, kuanzia itifaki, kwa sababu kanuni ya kumi na nne ya semina za chuo hicho inamtaka kila anayesimama amtambue kila mwenye cheo aliyemo ukumbini, kwa jina na kwa wadhifa, kuanzia juu kushuka chini. Kwingine watu husema "itifaki imezingatiwa" wakaendelea na shughuli. Mwanzembe huo ni uvivu. Aliipima nyumbani kwa saa ya ukutani: dakika nne kasoro. Zilibaki kumi na sita, na sumu yake ilihitaji tatu.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Kalumbeta," alianza. "Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mkwatulo. Mkurugenzi wa Utafiti. Mkurugenzi wa Mkakati wa Utafiti, Dakta Kigula..."

Alikuwa amefika kwa mkurugenzi wa ishirini na moja mlango ulipofunguliwa akaingia Mkurugenzi wa Michezo na Maadili. Mshereheshaji akamwonyesha Sikudhani kidole: arudie. Kanuni hiyo hiyo ya kumi na nne inasema mwenye cheo akiingia itifaki imepasuka, haishonwi, huanzwa upya. Akaanza upya. Safari hii alifika wa ishirini na sita, akaingia Mkurugenzi wa Mazingira Tulivu, akipunga mkono kama bwana harusi. Akaanza upya. Akamaliza! Akavuta pumzi, akabonyeza slaidi ya kwanza, na Mkurugenzi wa Kufuatilia akarudi ndani. Alikuwa ametoka kidogo kupokea simu. Palitokea ubishi mfupi wa kitaaluma kama aliyetoka na kurudi ameingia au amerejea, na Profesa Mkwatulo akaamua kwamba ameingia.

Kengele ililia Sikudhani akiwa kwenye jina la kumi na tisa. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Juu ya ukuta slaidi yake ya kwanza ilikuwa imesimama na kichwa cha habari tu, na yeye hakuwa ametamka neno mahindi hata mara moja.

"Apewe maua yake!" mshereheshaji alipaza sauti, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Ikafuata michango. Profesa mmoja alimpongeza mtoa mada kwa wasilisho zito lililogusa maisha ya mwananchi wa kawaida. Wa pili alilalamika kwamba mtoa mada hakutaja kazi zake yeye, ambazo ndizo msingi wa kila kitu. Wa tatu alisema nadharia ni nzuri ila rangi ya slaidi imepoa. Sikudhani alinyoosha mkono ajibu. Akaambiwa mtoa mada hachangii mada yake mwenyewe, ni ubinafsi.

Dakta Kigula akasimama na Maazimio. Yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, yana muhuri tayari, na tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita. "Semina," alisoma kwa sauti yake ya upole, "baada ya kumsikiliza kwa makini Dakta Sikudhani Mpalule, na kwa kuzingatia ushahidi wake usio na shaka, inaazimia kwamba mahindi ya Ghala Kuu ni salama, ni matamu, na yanawaongezea watoto wepesi wa hesabu."

Ushahidi wake! Jina lake, kwa ukamilifu, chini ya uongo ule! Angeweza kuvumilia kunyamazishwa, alishazoea, lakini hawa walimchukua mdomo wake wakautumia kulisha watoto sumu. Alitoka kwenye kiti, akapanda jukwaani, akampokonya Dakta Kigula kipaza sauti.

"Mahindi yana sumu," alisema. "Ukiyapika haitoki. Wajukuu wawili wa mlinzi wa ghala wameshazikwa. Jumatatu mnawapa watoto mia nne na kumi na wawili wa Kichangani."

Mheshimiwa Kalumbeta alitazama viatu vyake. Kisha Profesa Mkwatulo akasimama, uso umemvimba kwa uchungu wa kweli.

"Daktari," alisema, "umeanza bila itifaki!"

Minong'ono ya mshtuko ikapita kwenye viti. Mzee mmoja wa Kitivo cha Sheria alitikisa kichwa, akasema katika miaka thelathini hajawahi kuona. Katibu wa semina akauliza aandike nini kwenye kumbukumbu.

"Yaliyosemwa nje ya itifaki hayajasemwa," Profesa Mkwatulo alitamka. "Andika: palitokea hitilafu fupi ya kipaza sauti. Sasa tunakaribishwa chakula."

*

Meza zilikuwa zimepangwa uani, chini ya maturubai. Nyama ya ng'ombe, mchicha wa karanga, soda za aina zote, na katikati ya kila meza sinia la ugali mweupe uliofinyangwa ukapendeza. Mshereheshaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila hakufikiri tu, akatangaza kwa bashasha: "Waheshimiwa, ugali wetu wa leo umepikwa kwa unga wa Ghala Kuu, zawadi ya Mgeni Rasmi! Karibuni!"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mheshimiwa Kalumbeta ndiye aliyetangulia. Alilisogeza sinia kwa kidole kimoja, akasema daktari wake amemkataza wanga. Profesa Mkwatulo akasema yeye amefunga. Dakta Kigula naye akasema amefunga, huku anatafuna nyama. Mkurugenzi wa Michezo na Maadili akasema ugali unamletea usingizi na ana kikao. Yule mzee wa Sheria akasema yeye, kwa kweli, tangu utotoni ni mtu wa wali. Meza kwa meza, watu hamsini na watatu wakala nyama kwa mchicha, wakashushia na soda, na kwenye kila meza ugali ukabaki mzima.

Sikudhani alikuwa amesimama kando ya turubai. Walikuwa wamesikia. Hilo ndilo lililomkata maini. Siku zote alidhani tatizo ni masikio yao, au lugha yake, au majedwali. Kwamba labda akiongeza sampuli, akieleza polepole, wataelewa. Walielewa kwa sentensi nne. Waliamini kila neno, wakaamini haraka kuliko wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, na bado karatasi yenye muhuri ilikuwa mfukoni mwa Naibu Waziri. Alitamani kuwatukana. Alitamani awakamate shingo mmoja mmoja awatumbukize nyuso kwenye yale masinia.

Profesa Mkwatulo akafuta midomo, akatazama ugali uliobaki, na moyo wake mkubwa ukaguswa.

"Si vizuri chakula kipotee," alisema. "Wananchi watatuonaje? Kikusanywe chote kipelekwe Kichangani. Watoto bado wako darasani. Waonje kidogo kabla ya Jumatatu, na mpiga picha si yupo?"

"Wazo la kiungwana kabisa, Profesa," alisema Mheshimiwa Kalumbeta, na kwa mara ya kwanza tangu waketi alitabasamu. Wakapiga makofi.

*

Mpishi mkuu wa chuo aliitwa Mama Nyamizi, mwanamke mpana, mjane, mikono imejaa alama za moto. Sikudhani alimkuta jikoni na wenzake wawili wakikusanya ugali kwenye sufuria kubwa, maana agizo lilikuwa limeshafika na gari la chuo lilikuwa limeshawashwa.

"Mama, usiupeleke," Sikudhani alisema akihema. "Una sumu."

Mama Nyamizi alimtazama. "Ya ukungu?"

"Ya ukungu."

"Nilijua. Asubuhi nilipofungua gunia harufu ilinipiga hapa." Akagusa pua. "Nikamwambia msimamizi unga huu si mzima. Akaniuliza nina digrii ngapi." Akafunika sufuria. "Ukipikwa inatoka?"

"Haitoki."

"Na wa Jumatatu?"

"Ni huo huo."

"Mjukuu wangu yuko pale, darasa la pili." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akawageukia wenzake. "Leteni mafuta ya taa."

Walimwaga ugali wote kwenye shimo la taka, wakamwagia majivu na maji ya sabuni ili hata mbwa asijaribu. Kisha Mama Nyamizi akaingia stoo. Yalibaki magunia tisa. Akatoboa kila moja kwa kisu cha nyama na kumimina mafuta ya taa ndani, kwa utaratibu, kama anatia chumvi. Msimamizi alikuja anapiga kelele kwamba hiyo ni mali ya Wizara. Mama Nyamizi alimkabidhi dumu tupu, akavua aproni.

Sikudhani alihesabu kichwani. Tangu aingie jikoni hazijapita dakika ishirini.

Yeye na Mama Nyamizi walifukuzwa kazi jioni hiyo. Kushtakiwa kulishindikana, kwa sababu ili kumshtaki Sikudhani kwa aliyoyasema ukumbini ingebidi kumbukumbu zikiri kwamba alisema, na kumbukumbu zilisema ni kipaza sauti. Na ili kumshtaki Mama Nyamizi kwa magunia ingebidi aulizwe sababu, na jibu lake liandikwe. Polisi walikuja, wakasoma muhtasari wa semina, wakaondoka na kipaza sauti.

*

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Sikudhani na Mama Nyamizi walizunguka nyumba kwa nyumba, mitaa yote inayopeleka watoto Kichangani. Hawakuwa na slaidi. Walikuwa na sentensi moja, kwamba unga una sumu, na Mzee Chitemo, ambaye kila mlango uliofunguliwa alivua kofia na kutaja majina ya wajukuu zake: Nyemo na Malogo. Nyumba ya kwanza Sikudhani alijaribu kueleza sehemu ngapi katika bilioni. Mama Nyamizi alimkanyaga mguu.

Jumatatu asubuhi uwanja wa shule ulikuwa na zulia jekundu, utepe na mkasi juu ya mto wa velveti. Mheshimiwa Kalumbeta alifika na msafara, akaona wanawake kama mia mbili wamesimama getini, hawaimbi, hawana mabango, kila mmoja ana chupa au kidumu. Hakushuka. Kioo kilipandishwa, msafara ukageuka, na redio ikatangaza saa hiyo hiyo kwamba uzinduzi umefana.

Lori likabaki. Dereva wake, kijana mrefu aitwaye Lusajo, hakuwa amepewa maelekezo ya kugeuka. Alishusha magunia peke yake, na kila gunia lililogusa ardhi mwanamke mmoja alisogea, akalitoboa, akalimiminia mafuta, akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Hapakuwa na hotuba. Harufu ya mafuta ya taa ilitanda mpaka madarasani. Gunia la mwisho lilipolowa, wanawake walishangilia kwa vigelegele, na Sikudhani, ambaye hakuwa amelia tangu siku ya leso, alikaa kwenye lile zulia jekundu akalia mbele za watu. Watoto mia nne na kumi na wawili. Hata mmoja hakuwa ameula.

Lusajo alikuwa ameegemea mlango wa lori, anafuta jasho, anawatazama kwa mshangao wa mtu aliyechoka.

"Jamani, nyie vipi?" alisema. "Mbona wenzenu hawakufanya hivi?"

Sikudhani aliinua uso. "Wenzetu wapi?"

"Shule nyingine. Kichangani ndiyo ya mwisho. Nilianza kupeleka, hii wiki ya tatu sasa, napakia kiwandani kunakosagwa."

"Uzinduzi ni leo!"

"Uzinduzi, ndiyo. Wizara huzindua ikishamaliza, ili isije ikazindua kitu kikakwama." Alicheka kidogo. "Nyie mngepata mapema kama wenzenu, ila mlisubirishwa. Nilisikia chuo kina semina."

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea upande wa getini. Mama Nyamizi peke yake alinyamaza, akaja akasimama karibu. Sikudhani alihesabu. Wiki kumi na moja. Wiki kumi na moja alikuwa na sentensi moja mdomoni, akichagua rangi ya majedwali, na kwa wiki tatu kati ya hizo watoto walikuwa wanapanga foleni na sahani zao. Hakumchukia Mkwatulo wakati huo, wala Kigula, wala Kalumbeta. Alijichukia mwenyewe, na adabu yake yote.

"Ndugu yangu," alimwambia dereva. "Nitajie hizo shule."

"Kwani kuna nini?"

"Unga una sumu. Inaua watoto. Nitajie."

Lusajo alimtazama, akamtazama Mama Nyamizi aone kama ni mzaha, akaona si mzaha. Akaanza kutaja, akikunja vidole. "Mlingoti. Ibuyu. Nghambaku. Kwa Mjerumani..."

Kidole cha tano kilibaki wima. Midomo yake ilicheza, jina halikutoka.

"Wanangu wanasoma pale," alisema.